Jumamosi yangu kwenye mgahawa wa utumbo, Lyon

Saa 1:50 asubuhi

Metro ya laini D haina dereva. Huu mwaka wa nne naipanda kutoka Vénissieux, na bado nagombania behewa la mbele, pale penye kioo, nitazame handaki linavyokuja kama mtoto wa shule. Tunapita chini ya mito yote miwili, Rhône kisha Saône, nashuka Vieux Lyon. Ni Novemba, ukungu wa mtoni umelala barabarani na mawe yanateleza. Baridi inaanzia kwenye soli.

Saa 2:30

Mimi ni mhudumu kwenye bouchon. Kila mji wa Ufaransa una migahawa midogo ya chakula cha nyumbani, wengine wanaiita bistro, ila Lyon wana ya kwao na jina lake ni hilo. Mtu wa Dar ningemwambia: ni kwa mama ntilie, ila huyu anauza na mvinyo. Viti vyetu ni 34, vitambaa vya meza vya miraba myekundu na myeupe, na meza zimebanana kiasi kwamba kiwiko chako kinaijua oda ya jirani.

Tuko wanne. Madame, ambaye ndiye mpishi na ndiye mwenye mali, msaidizi wake, kijana anayeosha vyombo, na mimi. Namwita Madame, naye ananiita Monsieur, kwa "vous" ya heshima, miaka yote hii, hata anaponifokea.

Nashusha viti, nakata mkate. Ubao wa vyakula vya leo naandika mimi, maana mwandiko wa Madame husomwa na Madame peke yake. Kisha najaza chupa. Mvinyo wa mezani hapa hauletwi kwenye chupa yenye lebo, unaletwa kwenye kile wanachokiita pot: kichupa cha sentilita 46 chenye kitako kinene cha kioo, kizito mkononi kama jiwe la mzani. Kinakaa imara hata meza ikisukumwa. Watalii huninyanyulia kukikagua, wakidhani nimewapunja.

Saa 3:30

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tuna mâchon, mlo mzito wa asubuhi, na hiki ndicho kitu nilichokielewa Lyon bila kuelezwa mara mbili. Zamani, kwenye mlima wa Croix-Rousse, waliishi wafuma hariri, canuts, ndio hao hao ambao Novemba 1831 waliinuka na kuushika mji siku kadhaa wakidai bei ya kazi yao. Walianza kufuma alfajiri. Kufika saa tatu, saa nne, njaa imewakaba, wakakaa kula vya bei rahisi: utumbo, miguu ya nguruwe, soseji, na pot ya mvinyo.

Nyama ambayo tajiri hakuitaka, asubuhi, ya moto, kwa mtu wa kazi nzito. Nani kati yetu hajanywa supu na chapati Kariakoo jua halijachomoza vizuri? Mama yangu anauza supu ya utumbo Tandika, amenisomesha kwa sufuria hiyo. Siku ya kwanza niliponusa jiko la Madame, niligeuka kumtafuta.

Leo wamekuja wazee tisa, wote wanafahamiana, wengine wamestaafu kabla sijazaliwa. Wanaanza na mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa mpaka yakakauka, wanamaliza na "ubongo wa mfuma hariri". Msiogope, ni jibini laini tu, limechanganywa na vitunguu, majani na siki. Jina ni kejeli: matajiri walidhani kichwani mwa mfumaji kuna hicho. Wajukuu wa wafumaji ndio wanaokula sasa, wakicheka.

Saa 5:15

Chakula cha wafanyakazi, dakika ishirini. Wali na mchuzi uliobaki jana. Hakuna anayeongea.

Saa 6 mchana

Oda zinakuja zote kwa mpigo. Mwanamume mmoja ananipungia mkono kabla hajakaa: "Menyu!" Namjibu, "Bonjour, Monsieur." Anarudia menyu. Narudia bonjour. Sio kiburi. Ufaransa, kama kwetu, huanzi na shida yako kabla ya salamu. Mswahili angelielewa hili siku ya kwanza.

Jikoni nasimama mlangoni kungoja saladi, na hapa lazima niseme kidogo. Saladi ya Lyon ni majani machungu yenye mikunjo, vipande vya nyama ya nguruwe vya moto, mkate uliokaangwa, na juu yake yai lililopikwa bila ganda. Madame anavunja yai kwenye kikombe, anazungusha maji yenye siki kwa kijiko, analimwaga katikati ya mzunguko. Ute mweupe unajifunga wenyewe, kama mtu anajitanda khanga. Anahesabu kwa midomo bila sauti. Analitoa, analigusa kwa kidole, likimkubali linapanda juu ya majani. Mteja akilichoma, kiini kinashuka na kuwa mchuzi. Nimejaribu nyumbani mara sita, nimepata uji.

Meza ya dirishani, mke na mume, wageni. Wameagiza andouillette wakidhani ni soseji ya kawaida. Ni soseji kweli, ila ndani yake ni utumbo uliokatwakatwa, na harufu yake inakutangulia mezani. Nikawauliza kwa adabu kama wanajua. Mume akasema anakula chochote. Baada ya tonge moja akaanza kula mkate tu. Mke akamvutia sahani, akaimaliza.

Walipomaliza wakakaa, wakanitazama, wakanitazama. Ndipo nikakumbuka: wanasubiri bili. Hapa bili haiji mpaka uiombe, kukuletea kabla ni kama kukuambia ondoka. Vingine wasivyojua: jagi la maji ya bomba ni bure, mkate ni bure, huduma imo tayari ndani ya bei, na kisu na uma unabaki navyo kwa sahani inayofuata. Usiviweke vikaondoka, nitakurudishia huku nimekununia kidogo.

Saa 9:40 alasiri

Mapumziko mpaka jioni. Nakaa kwenye ngazi za mtoni na kumpigia mama. Kwao ni saa 11:40.

"Leo mmepika nini?"

Namweleza tablier de sapeur: sehemu ya utumbo yenye vyumba kama sega la nyuki, inachemshwa, inalazwa kwenye mvinyo mweupe na haradali, inavingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Yuro 17.

"Ndiyo shilingi ngapi?"

"Zaidi ya elfu arobaini."

Kimya kirefu. "Utumbo? Na chapati wanapewa?"

"Mkate, mama. Wa bure."

"Haya. Na huyo mama yako wa kizungu anauosha maji mangapi?"

Mama huosha maji saba, hakuna mjadala. Hapa utumbo unatoka kwa muuzaji umeshasafishwa na kuchemshwa, mweupe kama karatasi. Nimesema nitauliza.

Saa 1:30 usiku

Watu wa jioni hawana haraka. Tumejaa mpaka mlangoni. Ukutani, juu ya meza ya wapenzi wawili, kuna picha ya Eugénie Brazier, mmoja wa wale "kina mama wa Lyon", wanawake wengi wao waliopikia nyumba za matajiri kisha wakafungua sehemu zao. Mwaka 1933 migahawa yake miwili ilipata nyota tatu tatu za Michelin, kitabu kinachopima migahawa, na Paul Bocuse mwenyewe, mpishi maarufu wa Lyon, alipita jikoni mwake akiwa kijana. Mama ntilie mwenye nyota sita. Nimempelekea mama hiyo picha zamani, akasema aproni yake safi mno, huyo hapiki.

Saa 4:50 usiku

Viti juu ya meza. Miguu siihisi. Madame ameketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kipande cha keki yake nyekundu ya lozi. Nikamweleza swali la mama. Alicheka mpaka akaweka uma chini.

"Mwambie tisa, Monsieur."

Ndani ya metro nimemwandikia mama ujumbe, atausoma saa kumi alfajiri akiamka kuosha utumbo wa supu yake. Nimeandika saba. Tisa asingeamini.