Breki za Bedford, wiki tatu chini ya mbuyu

Jamani Bedford imesimama! Namaanisha kusimama kweli, sio ile ya kukanyaga pedeli mara tatu huku unamwita Mungu. Ni Bedford RL, lori la jeshi la Waingereza lililoanza kutengenezwa 1953, langu nimelikuta hapa Dodoma limelala miaka na miaka. Injini iliwaka siku ya pili, vijana wakataka tuingie nalo barabarani, nikagoma. Siku moja nataka nilishushe mlima wa Nyang'oro nikitoka Iringa kuja Mtera, na kule bila breki hurudi nyumbani.

Shida ilikuwa ukikanyaga linavuta kushoto. Kufungua tu ni kazi, maana magurudumu ya kushoto nati zake zinafunguka kinyume, kijana kaning'inia kwenye bomba kwa nguvu zote anakaza badala ya kulegeza mpaka stadi, ile bolti ya gurudumu, ikakatika. Na dramu nazo, vile vyungu vya chuma vinavyozunguka na gurudumu, zimegoma kutoka, viatu vya breki vinavyozibana kwa ndani vimezichimba vikaacha ukingo, ukipiga nyundo unapasua bure, legeza kwanza ajasta, skrubu ya kurekebisha, viatu virudi ndani ndo uvute. Lile vumbi la ndani usilipulize na kompresa hata kidogo, laining za zamani, ule utando wa kushikia ulio juu ya viatu, zina asbesto na inaua mapafu taratibu, sisi tulilowesha na maji ya sabuni tukafuta.

Sasa mbele kulia ndo nikaona mwizi. Oili sili, mpira wa kuzuia oili isivuje, imechoka, oili ya difu (gia za ekseli) imepita mpaka kwenye laining, zimelowa chapachapa. Upande huo haushiki, wa kushoto unashika peke yake, lazima livute! Mzee mmoja dereva wa zamani alikuwa amekaa pembeni, nikamwambia mzee wangu kuna watu wanasema nizichome na petroli zitakauka, akasema "mwanangu, zikipata moto mlimani ile oili inatoka tena." Nikatupa zote, kulia na kushoto, maana ukibadilisha upande mmoja umerudi kulekule. Sili mpya, dramu nikapeleka kwa fundi wa kukereza zikawa duara tena, laining tukagonga ribiti (misumari ya kuzibana kwenye viatu) kuanzia katikati kwenda pembeni ili zilale vizuri, na vichwa vya ribiti vizame, vikichungulia vinakula dramu.

Mipira ya silinda za magurudumu, zile zinazosukuma viatu, nayo nimeweka mipya. Naomba sana msiweke oili ya injini kwenye breki mkiishiwa mafuta yake, mpira unavimba na breki zinang'ang'ania.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki tulianza gurudumu la mbali kabisa na masta silinda, ile pampu kuu ya breki, tukaja tunasogea, pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Jana jioni nikaitoa kwenye barabara ya vumbi, nikaachia usukani kidogo nikakanyaga. Imesimama imenyooka, na alama za matairi manne ziko sawa kabisa. Mzee alishuka akaziangalia moja moja, akapanda akasema twende tena.