Iulize kwanza: shiti zipi?

Makro nyingi za Excel (amri zilizoandikwa kwa lugha ya VBA ili kazi ijifanye yenyewe) ninazoletewa nizifanyie ukarabati zina mstari uleule: `For Each ws In Worksheets`. Yaani pita shiti moja baada ya nyingine mpaka ziishe. Aliyeuandika alikuwa na faili la shiti tatu, zote za sura moja, na siku hiyo mstari ulikuwa sahihi kabisa. Miaka ikapita. Faili likaongezewa shiti ya muhtasari, ya viwango, ya mtu aliyekwishahama kazi, na ile inayoitwa "usiguse". Makro haina habari. Inachapisha zote kwenye karatasi, au inafuta safuwima ya D katika zote, "usiguse" ikiwemo.

Ndipo mwenye faili anakuja: "Fundi, naomba iwe inaniuliza kwanza nataka shiti zipi." Ombi la maneno machache, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya makro inayostahili kufikiriwa kuliko zote. Kuchapisha kwenyewe ni mstari mmoja.

Wengi hukimbilia `InputBox`, kisanduku cha kuchapia jibu: andika jina la shiti hapa. Mimi siipendi, wala sijawahi kukutana na mtumiaji anayeipenda. Jina la shiti linaweza kufika herufi 31, na mtu anatakiwa alikumbuke na kulichapa bila kukosea. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, Excel hazitofautishi kwenye majina ya shiti. Nafasi ndiyo inayoua. Shiti imeandikwa "Machi" ikafuatwa na nafasi moja isiyoonekana, mtumiaji anachapa "Machi" kavu, na papo hapo anapokelewa na hitilafu namba 9 ambayo haimwambii chochote cha maana. Atakupigia simu.

Kuna na mtego mwingine wa jamii hiyo, pale jina linaposomwa kutoka kwenye seli. Shiti inaitwa 2024, na seli ina namba 2024. Ukiandika `Worksheets(Range("B1").Value)`, Excel haitafuti shiti yenye jina hilo. Inatafuta shiti iliyo ya 2024 kwa mpangilio. Izungushie `CStr`, inayogeuza namba kuwa maandishi, na mambo yataisha.

Kabla sijatengeneza fomu yoyote (dirisha dogo la kuchagulia), mimi huuliza swali moja: watumiaji wenyewe wanajua kushika Ctrl huku wakibofya vichupo vya shiti? Kama wanajua, kazi imekwisha. Kifaa cha kuchagulia tayari kipo chini ya dirisha, na wanakitumia kila siku. Makro inachotakiwa kufanya ni kusoma walichochagua:

```
Dim sh As Object, majina As New Collection, jina As Variant
For Each sh In ActiveWindow.SelectedSheets
    If TypeName(sh) = "Worksheet" Then majina.Add sh.Name
Next sh
ActiveSheet.Select
For Each jina In majina
    Worksheets(jina).PrintOut
Next jina
```

Hapo `sh` ni `Object` kwa sababu ndani ya kundi inaweza kuwemo shiti ya chati, ambayo si `Worksheet`, na ukiwa umeitangaza kama `Worksheet` makro itakwama hapohapo. Shiti zilizofichwa haziwezi kuchaguliwa kwa kubofya, kwa hiyo zinajitoa zenyewe bila wewe kuandika lolote.

Mstari wa kuangalia sana ni `ActiveSheet.Select`. Ndio unaovunja kundi. Shiti zikiwa bado zimeshikana, chochote mtumiaji atakachochapa kwenye C5 kinaingia C5 ya kila shiti iliyo kwenye kundi, na kwa macho yake anaona moja tu. Makro ikimwacha katika hali hiyo imemtegea shimo, na yeye ataligundua siku hesabu zitakapokataa kuoana. Pia kuna amri ambazo Excel hugoma kuzitekeleza shiti zikiwa kundini. Kwa hiyo naokota majina, navunja kundi, ndipo kazi ianze. Sisubiri mwisho, maana makro ikikatikia njiani mwisho haufikiwi.

Ikiwa shiti inayotakiwa ni moja tu, ipo njia ninayoionea raha: `Application.InputBox` yenye `Type:=8`. Mtumiaji anabofya seli yoyote ndani ya shiti anayoitaka, hata kama iko kwenye faili jingine lililo wazi, nawe unachukua `.Parent` ya seli hiyo, yaani shiti iliyoibeba. Akibofya Ghairi hurudi `False`, na `Set` yako inaangukia hitilafu 424, kwa hiyo iwekee kinga.

Fomu naitengeneza pale ninapotaka kuamua mimi nini kionekane kwenye orodha. Kuiunda si kazi kubwa: `ListBox` moja na vitufe viwili. Weka `MultiSelect` iwe `fmMultiSelectMulti` na `ListStyle` iwe `fmListStyleOption`, na kila jina litapata kisanduku chake cha kutia tiki. Usisome `Value`, kwa sababu orodha ya kuchagua vingi inarudisha `Null` hata kama umetia tiki kumi. Pitia `Selected(i)` kuanzia 0 hadi `ListCount - 1`. Kitufe cha Sawa kiifiche fomu kwa `Me.Hide`, ukitumia `Unload` (kuiondoa kwenye kumbukumbu) na kisha makro ikaiulizia fomu ileile, VBA inapakia nyingine mpya, safi, isiyo na tiki hata moja.

Na kama makro yako inakaa kwenye Personal.xlsb, faili lililofichwa la kutunzia makro binafsi, jaza orodha kutoka `ActiveWorkbook`. `ThisWorkbook` itakuonyesha shiti za Personal.xlsb yenyewe, na mtumiaji atashangaa faili lake limekwenda wapi.

Nini kiingie kwenye orodha hiyo? Angalau shiti zenye `Visible` sawa na `xlSheetVisible`. Usiandike tu `If ws.Visible Then`, kwa maana hali zenyewe ni tatu: -1 inaonekana, 0 imefichwa, na 2 imefichwa kabisa kiasi kwamba menyu ya kufichua haiionyeshi. VBA inahesabu kila kisicho sifuri kuwa kweli, hivyo zile zilizofichwa kabisa ndizo zitakazojianika mbele ya mtumiaji.

Kuonekana peke yake hakutoshi, lakini. Muhtasari unaonekana na hautakiwi. Wapo wanaochuja kwa jina, kila shiti inayoanza na "Tawi" iingie, mpaka mtu abadilishe jina la kichupo. Mimi ndani ya kila shiti inayohusika naweka jina lililofafanuliwa ("defined name") kwa ngazi ya shiti hiyo, tuseme `Inachapishwa`, na makro inalitafuta hilo. Kichupo kibadilishwe jina mara mia, alama haitikisiki. Mtu akinakili shiti ya mwezi uliopita ili aanze mwezi mpya, alama inanakiliwa pamoja nayo na shiti mpya inajitokeza kwenye orodha bila mimi kuitwa.

Ukikutana na makro kongwe inayotumia `DialogSheets.Add`, yaani shiti maalumu inayofanywa dirisha la maswali, na kupanga visanduku vya tiki kwa kuhesabu nafasi zao, usishtuke. Ni njia ya tangu Excel 5 ya mwaka 1993, kabla Excel 97 haijaleta `UserForm` (fomu za leo), na bado inafanya kazi. Mimi huiacha ilivyo, isipokuwa muundo wa faili ukiwa umelindwa: njia hiyo inahitaji kuongeza shiti ya muda, na ulinzi unaikatalia.

Kuhusu kitufe cha "Chagua zote", makro ya kuchapisha naiwekea, tena nakumbuka tiki za mara iliyopita kwa `SaveSetting`, amri ya kuhifadhi mipangilio kwenye kompyuta. Makro ya kufuta shiti haipati kitufe hicho na orodha inafunguka tupu kila mara. Shiti iliyofutwa hairudishwi kwa Ctrl+Z, basi kabla ya `Delete` naonyesha ujumbe wenye majina yote yaliyotiwa tiki, kila jina kwenye mstari wake, na kitufe kinachotangulia kuchaguliwa ni Hapana. Halafu nahesabu shiti zinazoonekana zitakazobaki: zikiwa sifuri nasitisha mapema, kwa sababu Excel haikubali faili lisilo na shiti hata moja inayoonekana, na itagoma katikati ya kazi huku nyingine zimekwishafutika.