Ndimu haikaushi damu

Jumamosi tulikuwa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tunachukua damu ya wachangiaji. Mama mmoja muuza dagaa alikaa, akakunja mkono wa gauni, kisha macho yakamtua kwenye mfuko nilioushika. "Mwanangu, mbona una maji tayari? Msije mkanichanganyia."

Nikamsogezea auone. Ndani mlikuwa na dawa isiyo na rangi, mililita 63, inayowekwa kiwandani ili kupokea mililita 450 za damu isigande. Nikamwambia mna sukari kidogo, mna asidi sitriki, ileile inayoifanya ndimu iwe chachu, na mna chumvi yake iitwayo sitreti. Akashtuka. "Ndimu? Si ndiyo inayokausha damu!"

Neno hilo nimelisikia tangu utoto. Marehemu bibi yangu, Ukerewe, hakuruhusu mjamzito akamulie ndimu kwenye sato wake. Alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini haikuwa kweli, na inaniuma kuona wajawazito wenye upungufu wa damu bado wanakatazwa. Ndimu ikishaliwa, asidi yake huvunjwavunjwa na seli kuwa nguvu. Tena seli zenyewe hutengeneza sitreti kila saa, katika mzunguko wa kugeuza chakula kuwa nguvu. Mwanasayansi Hans Krebs alieleza mzunguko huo mwaka 1937, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Zaidi ya hapo, uchachu wa ndimu na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mchicha na maharage. Kamulieni, jamani.

Kwenye mfuko mambo ni mengine. Damu haigandi bila kalsiamu, na sitreti huikamata kalsiamu yote. Zamani mchangiaji na mgonjwa ilibidi walazwe karibu karibu, damu ipite moja kwa moja kabla haijaganda. Mwaka 1914 madaktari Albert Hustin wa Brussels na Luis Agote wa Buenos Aires wakatumia sitreti. Mwaka uliofuata Richard Lewisohn wa New York akaonyesha kwamba asilimia 0.2 inatosha bila kumdhuru mgonjwa. Leo mfuko kama ule wa mama hukaa kwenye jokofu hadi siku 35. Anayetokwa na damu usiku wa manane baada ya kujifungua hana haja ya kusubiri ndugu wapatikane.

Kipimo lakini ni kipimo. Nikiwa mwanafunzi nilijaza nusu tu ile chupa ndogo ya kifuniko cha bluu, ya kupimia jinsi damu inavyoganda, ambayo hutaka sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Sitreti ikazidi, majibu yakaonyesha damu ya mgonjwa inachelewa kuganda, upasuaji ukaahirishwa. Tulipochukua upya, alikuwa mzima. Nilikwenda wodini kumwomba radhi. Mpaka leo nainua kila chupa usawa wa macho, nautafuta mstari.

Mama alipomaliza, nikiwa bado naupindua mfuko taratibu ili damu ichanganyike, alimwita mwenzake: "Njoo, wameweka ndimu tu!" Nikamweleza kwamba siku hizi asidi hiyo haikamuliwi kwenye ndimu, viwandani huzalishwa na kuvu aitwaye Aspergillus niger, anayelishwa sukari. Akafikiri kidogo, akamaliza soda yake.

"Basi kaa hapo hapo," akasema, "umweleze na huyu."