Kuvu ya Ukutani na Pumzi Zangu

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kila masika, Machi hadi Mei, ukuta wa nyuma ya kabati la nguo hutoka madoa meusi ya kuvu. Kwa miaka mingi niliyaona madoa hayo kuwa ni aibu mbele ya wageni tu, mpaka Aprili hii nilipolivuta kabati kumtafutia mama kanga zake, nikazikuta zimeota kawa, nikazikung'uta mle mle chumbani, kisha nikachukua fagio la chelewa nikaukwangua ukuta ukiwa mkavu. Usiku ule kifua kilinibana na kulia kama filimbi, nikalala nimekaa.

Nina pumu, na kila asubuhi hupuliza kwa nguvu kwenye kifaa kinachoonyesha kasi ya pumzi itokayo. Kawaida yangu ni lita 420 kwa dakika. Asubuhi ile mshale uligota kwenye 290.

Kuvu za Aspergillus na Penicillium, ambazo hupenda kuta zenye unyevu, hurusha mbegu ndogo mno. Zile za Aspergillus zina upana wa takriban mikromita 2 hadi 4, ilhali unywele mmoja hufika karibu 70, kwa hiyo nyingi hupenya pua na koo zikateremka hadi kwenye njia nyembamba za mapafu. Asiye na mzio aghalabu hata hahisi kitu. Kwetu sisi wenye mzio, kingamwili zilizokwisha kutengenezwa dhidi ya mbegu hizo huzichochea seli kumwaga kemikali iitwayo histamini, misuli inayozunguka njia za hewa ikakaza, utando wa ndani ukavimba na makohozi yakazidi, hata kutoa pumzi kukawa kugumu kuliko kuivuta.

Ukuta ule ulitakiwa kuloweshwa kwanza, ukafutwa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, tena na mtu asiye na pumu. Lakini kuvu itarudi maadamu unyevu upo, na unyevu wetu umefungiwa na plasta ya saruji iliyopigwa juu ya chokaa ya zamani. Chokaa huuacha ukuta upumue, saruji haiuachi. Hili linaniuma, kwa sababu tuliigharimia saruji hiyo tukidhani tunaitengeneza nyumba.

Kabati tumelisogeza shubiri mbili kutoka ukutani. Fundi amekubali kuibandua saruji masika yakikatika, arudishe chokaa, na siku hiyo mimi na mama tutahamia kwa dada.