Nyuma ya Kikinga

Kaka yangu alipopata kazi Doha mwaka 2015 aliniachia vitu vitatu: kitanda cha chuma, deni la dukani, na Yamaha YZ250F ya mwaka 2008, pikipiki ya mbio za udongoni. Kitanda nililalia, deni nikalilipa kwa mafungu. Pikipiki ndiyo iliyonitoa jasho. Kaka hakuwa mtu wa pesa. Alikuwa akishika spana kwa watu wanaoshindana pale Jamhuri Park, Nairobi, akainunua injini ikiwa imefunguliwa na kutiwa kwenye katoni, akaiunganisha mwenyewe kwa miezi saba. Siku ya kusafiri aliniambia, "Usiiguse." Halafu akacheka. "Iguse kidogo, isilale."

Niliigusa zaidi ya kidogo.

Mwisho wa Aprili 2016, shule zikikaribia kufunguliwa, alinipigia simu. Binti yake alihitaji karo na Doha mshahara ulikuwa umechelewa. Mnunuzi amempata, mzee mmoja wa zamani kwenye michezo hiyo. Wikendi hiyo angekuwa Olorgesailie na familia yake, kule kwenye shoka za mawe za watu wa kale ambako akina Leakey walichimba, na alitaka kuijaribu pikipiki hukohuko kwenye nafasi, akiipenda aipakie aende nayo. Shilingi 320,000. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuifikisha.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeipeleka upande wa Kitengela, mvua ikiwa imenyesha juzi yake. Anayeujua udongo mweusi wa kule hahitaji kuelezwa. Ukiwa mbichi unashika kama ugali wa moto, ukikauka unakuwa saruji. Nilirudi na pikipiki nzito kama ng'ombe. Jioni niliiosha kwa ndoo mbili za maji, maana mtaani kwetu siku hiyo mfereji ulikuwa unatoa hewa. Nikasugua plastiki za buluu zikang'aa, nikasugua kiti, nikasugua hata mnyororo kwa mswaki. Nilijipongeza. Sikufungua vile vikinga vya plastiki vinavyofunika miguu ya shoki za mbele, na wala sikupitisha kitambaa nyuma yake.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri shemeji alikuja na pikapu na trela yake. Shemeji hubeba mboga kutoka Marikiti, na ile trela alichomelewa na mafundi wa Kariobangi kwa ajili ya magunia ya viazi. Ikiwa na magunia kumi inatembea kwa adabu. Ikiwa na pikipiki moja ya kilo mia hivi inaruka kama mwanambuzi.

"Shem, tukaze sawasawa," akasema. "Sitaki kuangalia nyuma njia nzima."

Tukaifunga kwa mikanda miwili ya racheti, mmoja kila upande wa usukani. Shemeji alipanda akaegemea usukani kwa kifua, na yeye si mtu mdogo, mbele ikazama, mimi nikivuta wenzo: kra, kra, kra. Akaegemea tena. Kra, kra. Shoki za ile Yamaha zina mwendo wa karibu milimita 300 kutoka juu hadi chini. Tulizila karibu zote. Kati ya gurudumu na madigadi hapakubaki nafasi ya kupitisha ngumi. Nilitikisa usukani, haukusogea. Nikaona tumefanya kazi ya wanaume.

Kutoka Langata hadi Rongai ni matuta, na Rongai yenyewe ni matuta na matatu. Kila tuta nilisikia trela ikipiga nyuma yetu, pah, na mkanda mmoja ukiguna. Kiserian shemeji alisimama kununua mutura, yeye hawezi kupita Kiserian mdomo mtupu, nami nikaenda kuangalia mzigo. Mikanda ilikuwa imelegea. Si sana, lakini kitu kilichokazwa namna ile hakitakiwi kulegea hata kidogo. Nikaikaza tena, meno mawili matatu ya racheti kila upande. Baada ya Kona Baridi, barabara inapoteremka bondeni na joto linaanza kupanda miguuni, niliikaza mara ya tatu. Kila nilipoikaza nilijiona mwangalifu.

Mzee alikuwa amekaa nje ya banda lake, kofia usoni, chai ya rangi mkononi. Tulipoteremsha pikipiki hakuuliza injini. Hakuuliza karatasi. Alichuchumaa mbele ya gurudumu, akaingiza kidole cha shahada nyuma ya kikinga cha kushoto, akakipandisha taratibu juu ya bomba lile jembamba linalong'aa, akakitoa, akakitazama. Kidole kilikuwa cheusi na kinameremeta.

"Mmeifunga vipi hii?"

Nikamweleza. Nadhani nilieleza kwa fahari kidogo.

Akamwita mjukuu wake amletee chupa tupu ya maji na makasi. Akakata kipande cha plastiki kirefu kama kadi ya simu, akakichonga ncha moja iwe ndoana ndogo. Kisha akachomoa kile kifuniko cha kuzuia vumbi kinachozunguka bomba kwa bisibisi bapa, polepole, akikizungushia pande zote kama mtu anayefungua mkebe asimwage. Juu yake ndimo ilimo sili yenyewe: pete ya mpira, na mdomo wake unaokumbatia bomba ni mwembamba kuliko ukucha. Mafuta yote ya shoki, pamoja na ile hewa inayobanwa ndani shoki ikizama, yanazuiliwa na huo mdomo tu.

Akapandisha plastiki yake kati ya bomba na mpira, akaizungusha, akaivuta. Ikatoka na uji mweusi. Akaupaka kwenye kiganja changu, akaniambia niusugue kwa kidole gumba. Nilisikia changarawe. Punje ndogo mno, huwezi kuziona, ila kidole kinazisikia kama sukari.

"Kitengela?" akauliza.

Sikujua kama ni swali. Nikasema ndiyo.

Shemeji hakukubali kirahisi. Yeye akishaingia kwenye mjadala ni kama ameingia barabara ya njia moja. "Mzee, hizi pikipiki zinaruka mita kadhaa hewani zinatua na mtu juu. Shoki inazama mpaka mwisho na haipasuki. Mkanda utaishindaje?"

"Umesema kweli," mzee akajibu. Hilo sikulitarajia. "Springi haichoki kwa kukaa imebanwa, iache hata wiki. Sili ikiwa nzima na bomba likiwa safi, mngefika salama. Lakini nyinyi mmelivuta bomba lenye matope makavu mkaliingiza mdomoni mwa sili, halafu kwa saa mbili trela imekuwa ikilisugua juu chini, juu chini. Kila tuta ni msasa. Na kila mlipokaza mlisukuma uchafu mwingine ndani."

Akaenda kwenye gari lake akarudi na kipande cha mbao ya mbili kwa nne, kifupi, upande mmoja kimechongwa mbonyeo wa kukaa juu ya tairi, na upande wa pili kimevishwa kipande cha mkeka wa gari. Hicho hukipachika kati ya gurudumu na sehemu ya chini ya usukani, chini ya madigadi, ndipo hukaza mikanda. Shoki inazama kidogo tu, inagota kwenye mbao, inatulia. Mkanda hauna pa kulegea kwa sababu mbele haina pa kwenda. Ila na kibao nacho, akasema, ukikikaza kwa hasira unapasua madigadi. Hata nyumbani hajazi upepo gurudumu la mbele kupita kiasi siku ya safari, akalibonyeza la kwetu kwa kidole gumba akaguna.

Mimi hadi leo nafikiri wote wawili walikuwa na haki, na kwamba mwenye makosa alikuwa amesimama katikati yao akisugua matope kwenye kiganja.

Tuliinua mbele, tukaweka jiwe chini ya injini gurudumu lining'inie, mzee akafungua vile viskurubu vidogo vya hewa juu ya kila mguu wa shoki. Wa kulia ulitoa pumzi fupi. Wa kushoto haukutoa kitu. Hewa yake ilishajitafutia njia. Akafuta mabomba mpaka yakawa kioo, akabonyeza mbele mara ishirini, akafuta tena. Pakakauka. Watoto wawili wachunga mbuzi waliokuwa wakitutazama walipiga makofi, nami nikakaribia kuwasaidia.

Basi akaipanda. Alikuwa na umri wa babu yangu na aliipanda kama kijana, amesimama, magoti yamebana tangi, vumbi jeupe likimfuata hadi kwenye migunga. Akageuka, akaja kwetu kwa kasi, akafinya breki ya mbele. Haikushika. Aliponea breki ya nyuma na uzoefu wake, tairi la nyuma likachora nusu duara kwenye mchanga, akasimama hatua tatu kutoka kwenye kiti cha mke wake. Mke wake hakunyanyuka. Aliweka tu kikombe chini.

Diski ya breki kwenye Yamaha ile iko kushoto. Mguu uliovuja ulikuwa wa kushoto. Mafuta yalikuwa yameteremka na bomba mpaka kwenye pedi za breki, na pedi ikishakunywa mafuta haiponi kwa msasa wala petroli, unatupa. Na alipopitisha kidole tena nyuma ya kikinga, pete nyembamba ya mafuta ilikuwa imerudi. Mdomo wa sili ulikuwa umekatika.

Akahesabu kwa sauti, bila ukali: sili za miguu yote miwili, kwa kuwa upande mmoja haubadilishwi peke yake, mafuta mapya ya shoki, pedi, fundi, na bomba ikiwa limechunika. Akasema 280,000. Nilitaka kubishana, nikakitazama kiganja changu. Alilipa hapohapo, nusu kwa simu, nusu kwa noti alizohesabu mara mbili, kisha akaifunga pikipiki kwenye gari lake, kibao kikiwa mahali pake. Mikanda aliikaza kwa mkono mmoja.

Wakati wa kurudi trela tupu ilikuwa na kelele mpaka hatukuweza kuongea. Simu ya kaka iliingia Kona Baridi, upepo ukipiga vioo. Nikamwambia bei. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Sili?" akauliza.

"Ya kushoto."

"Si nilizibadilisha kabla sijaondoka? Zote mbili." Akanyamaza tena. "Ulifuta nyuma ya vikinga kabla ya kuifunga?"

Shemeji alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani.

"Nilifuta, kaka."

"Basi itakuwa zilikuwa feki," akasema. "Yule wa Kirinyaga Road aliniuzia feki. Nilijua. Tuma hizo pesa leo, shule inafunguliwa Jumanne."

Shemeji alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.