Kumbukumbu ya kinanda: sekunde 20 za Cecil Taylor

Jana usiku saa sita na kitu zimekubali aisee! Sekunde 20 tu za Cecil Taylor, yule mpiga piano wa jazz wa Marekani, lakini vidole vyangu vimezipata.

Wiki ya tano hii nahangaika na kipande chake cha Jitney, kile cha kwenye rekodi ya Silent Tongues, mzee akiwa peke yake na piano pale Montreux, Uswisi, 1974. Nilidhani shida itakuwa spidi, kumbe shida ni yale mafungu: kushoto anashindilia chini, kulia anajibu kule juu kabisa, na kila pigo lina noti tano sita zimebanana. Na jitney kule Marekani ndo vibasi vya nauli ndogo, yaani daladala, na noti zenyewe zimekaa hivyohivyo mpaka mlangoni.

Programu ya kugeuza sauti kuwa midi, yaani orodha ya noti za kompyuta, ilinipikia uji. Pigo moja ilinipa noti 31, jamani mtu ana vidole kumi! Nikipunguza spidi piano inalia kama iko ndani ya pipa la maji. Halafu kinanda changu kina sauti 32 tu, yaani noti 32 ndo zinaweza kulia kwa pamoja, ukikanyaga pedali ukapiga mafungu kama saba hivi, noti za mwanzo zinakatika kimyakimya, wiki nzima najilaumu vidole kumbe kinanda ndo kinameza. Kwa muziki huu msinunue cha 32, pesa ya bure. Taylor alipenda Bösendorfer ya funguo 97, mimi ninazo 61, tuyaache.

Kilichonitoa ni kukumbuka kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa karatasi za mistari mitano, wenzake aliwapa herufi za noti tu au anapiga wanadaka kwa masikio. Nikafuta zote nikaanza upya: herufi ya chini ya fungu, herufi ya juu, mshale wa kupanda au kushuka, katikati kiganja kinajaza. Kabla ya kugusa kinanda nikagonga yote mezani kwanza. Valerie Wilmer, mwandishi wa jazz, aliiita piano yake ngoma 88, nikawa naona maneno tu, sasa nimeelewa kwa viganja, vinawaka moto.

Tena kuna Jitney No. 2 mwishoni mwa rekodi, ile ya kurudishwa jukwaani. Nimeziweka pamoja, lile umbo la kushuka-nijibu lipo kote kote. Anayesema jamaa alikuwa anagonga ovyo akae azisikilize mfululizo.

Mpango ulikuwa wiki hii nianze Conquistador!, rekodi yake nyingine ya 1966. Sianzi. Jana hiyohiyo nikabadilisha sauti kwenye laptopu, mkono wa kushoto nikaupa ngoma ya msondo, wa kulia ya chapuo, nikapiga zilezile sekunde 20... sikulala mpaka alfajiri.

Ila sekunde ya 14 bado inanigomea, mikono inapopishana kidole kidogo cha kushoto kinafika kimechelewa kila mara, kila mara!