Chama cha muziki wa asili chuoni, na nilivyoishia kushika filimbi

Kwanza niseme hili maana watu wa nyumbani wananiuliza kila siku, hapana sijaacha shule, masters inaenda vizuri tu hapa Galway, Ayalandi, ila ni kweli kwamba Jumanne jioni simu yangu haipatikani kwa sababu niko na chama cha muziki wa asili wa Kiayalandi cha chuoni. Wenyewe wanakiita Trad Soc. Vyuo vikuu vingi huku vina cha kwao na mtu yeyote anaingia, unajiandikisha mwanzo wa muhula vyama vyote vinapopanga meza zao, wa mdahalo hapa, wa kupanda milima kule, sa mi siku ile nilikuwa natafuta tu sehemu yenye hita na chai ya bure, na meza ya hawa jamaa ndo ilikuwa na biskuti nyingi.

Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye taarab. Na kwenye taarab msikilizaji ana kazi yake jamani, ubeti ukikuchoma unanyanyuka, unaenda mbele mwendo wa pole unatunza, na ukumbi mzima unajua hiyo noti umeipeleka kwa nani na umemrushia nani dongo. Bila wewe shughuli haijanoga. Sa nifikirie mimi huyo naenda sesheni yangu ya kwanza, yaani ile wanayokutana kupiga pamoja. Wamekaa duara, wanatazamana wenyewe kwa wenyewe, migongo kwetu. Hakuna jukwaa, hakuna maiki, hakuna wa kutangaza kinachofuata. Mmoja anaanza na fidla, wengine wanatega sikio kidogo, anayeijua ile tyuni, yaani kile kipande cha muziki, anadaka, asiyeijua anaweka chombo chake mapajani anakunywa kinywaji. Wakimaliza wanarudi kwenye stori zao za mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipiga makofi kwa nguvu zangu zote, dada mmoja akageuka akanitabasamia kama mtu aliyemkuta mgeni wa sebuleni amekaa jikoni.

Ilinikera, sitaficha. Nikawa najiuliza sasa mi kazi yangu hapa ni nini?

Mwenyekiti wetu anasoma historia, na ukimgusa kwenye hii mada usiku huo hulali. Anasema huu muziki tangu zamani ni wa miguu, reel, jig, hornpipe, vyote vya kuchezea, kwa hiyo "msikilizaji" alikuwa ni yule anayecheza kwenye sakafu ya nyumba ya jirani. Halafu 1935 serikali ikaleta sheria ya kumbi za dansi, dansi ya hadhara lazima leseni, na mapadri wengi walikuwa wanaipiga vita dansi kitambo, basi zile dansi za majumbani vijijini zikabanwa. Wakati huohuo watu wanahama, wengi wanaenda kupiga vibarua vya ujenzi Uingereza, na huko London baada ya vita kuu ya pili ndo mtindo wa kukutana baa na kupigiana muziki ukashika kwelikweli, kisha ukarudi na kuenea huku. Aliposimulia hivyo ile migongo nikaielewa. Mchezaji ameondolewa kwenye chumba, wapigaji wamebaki wanaangaliana, kwa hiyo ukitaka nafasi mle ndani ni moja tu, upige.

Basi nikapewa filimbi ya bati ya kuazima. Matundu sita, sauti ya D, ni kati ya vyombo vya bei rahisi kabisa, na watu wanaidharau kwa sababu hiyohiyo halafu inawanyoosha. Kabla ya sesheni kubwa kuna darasa la wanaoanza, kwenye chumba cha semina chenye ubao bado una hesabu za watu wengine. Hakuna karatasi ya noti. Mwalimu, mwanafunzi tu wa mwaka wa tatu, anapiga kipande kifupi, mnarudia, anaongeza kingine, mnaunganisha. Tyuni nyingi ziko hivyohivyo, sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, jumla baa 32 (baa za kuhesabia mapigo, si za pombe), unazunguka mara mbili tatu halafu bila hata kupumua unaingia tyuni nyingine. Ukiuliza inaitwaje nusu ya chumba hawajui na nusu nyingine wana majina tofauti!

Kilichonitesa zaidi ni pambo la noti linaloitwa roll. Uko kwenye noti ya G, vidole vitatu vya juu vimeziba. Unaipiga ile G, unainua kidole kimoja cha juu kwa haraka sana unarudisha, unaisikia G tena, halafu kidole cha chini kinagonga tundu lake kikatoka papo hapo, G ya tatu. Yote hayo ndani ya pumzi moja bila kugusa ulimi. Kile kidole cha kugonga ni kugonga kweli, ukikibonyeza unasikia noti nyingine kamili na mwalimu anakunja uso. Nimekifanyia mazoezi kwenye basi juu ya kalamu, nimekifanyia kwenye lekcha ya takwimu chini ya meza, mpaka jirani yangu akauliza kama nina tatizo la mishipa.

Sasa kuna hii ya jig. Jig ni 6/8, yaani mapigo sita kila baa, na chakacha yetu nayo ni 6/8, kwa hiyo masikio yangu yalidhani yamefika nyumbani. Ila wao wanakanyaga mbili kila baa, DA-da-da DA-da-da, na mimi mwili wangu unataka kuzigawa zile sita kwa tatu, kiunoni kabisa. Siku moja nikawa nagonga meza kidogokidogo kwa vidole, jamaa wa bodhrán, ngoma yao, akasikia akaacha kupiga akaniangalia, nikajua leo nafukuzwa, akasema hebu rudia. Tangu hapo tukibaki wawili watatu tunafanya, mi tatu, yeye mbili, raha tupu. Mpiga fidla mmoja ametuambia waziwazi hataki kuisikia hiyo kwenye sesheni, na mi naona ana haki, maana wao uzito wa ile mbili ndo unaoinua mguu wa mchezaji hata kama mchezaji hayupo.

Hiyo bodhrán yenyewe ni ngoma ya fremu, upande mmoja umewambwa ngozi ya mbuzi, inapigwa kwa kijiti kifupi huku mkono wa kushoto uko ndani unabadilisha sauti. Kwetu ngoma ikilegea unaiotesha moto. Huku jamaa anainyunyizia maji! Sababu ndani wanawasha hita mpaka ngozi inakauka inakaza inalia kama debe, ndo wanailegeza kwa maji. Na inadharauliwa vibaya mno, kuna utani wa zamani kwamba kifaa bora cha kupigia bodhrán ni kisu. Wakija wapigaji watatu wa bodhrán kwa pamoja unaona kabisa watu wa fidla wanaanza kufunga makesi.

Ila aliyenishangaza ni banjo. Nilidhani ni kitu cha wazungu wa Marekani. Kumbe asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika, ikafika Ayalandi karne ya 19 na vikundi vya maonyesho vya Wamarekani weupe waliojipaka weusi usoni, na baadaye Barney McKenna wa bendi ya The Dubliners ndo akaipa umaarufu ile ya nyuzi nne iliyotuniwa kama fidla ila chini kwa oktava nzima. Njia yenyewe ni ndefu na ina aibu ndani yake, na sikupenda kwamba mtu aliyenisimulia alikiruka kile kipande cha kujipaka weusi, nikaenda kukisoma mwenyewe. Siku ya pili nikamwambia. Akakaa kimya, akasema ni kweli, alipaswa kusema. Yakaisha, tukaendelea.

Mama naye akapiga simu akakuta napuliza. "We mwanangu, umeenda kusoma au kupiga filimbi?" Nikamwambia vyote mama. Akasema haya, nipigie basi niisikie. Nikampigia polka, tyuni nyingine ya kuchezea, maana ndo pekee naweza kuimaliza bila kukwama. Akasikiliza mpaka mwisho akauliza, mbona mashairi hamna?

Na mnaouliza kuhusu baa, ndiyo, sesheni nyingi ziko baa, mi naagiza chai au soda na hakuna aliyewahi kunishangaa.

Sa hivi tunajiandaa na IntervarsiTrad, tamasha la vyama vya vyuo, tunaenda kwa basi moja na vyombo vyote. Kwenye duara bado nakaa ukingoni na nadaka labda tyuni moja kati ya nyingi, lakini nimeshapewa cheo, mimi ndo mkusanya nauli. Hadi naandika hapa wapigaji wote wa banjo hawajalipa.